Mayweather au Ali? Ubishi wa sebuleni ulioishia kwenye swali gumu la mtoto

Ilianza Jumapili mchana, vyombo bado viko mezani. Kijana wetu wa darasa la saba alikuwa na simu ya baba yake, anatazama vipande vya mapambano ya Floyd Mayweather. Akatamka bila hata kuinua kichwa: "Huyu ndiye bondia bora kuliko wote. Hamsini kwa sifuri. Hakuna aliyewahi kumpiga."

Baba yake alikuwa amejilaza kwenye kochi, sote tukidhani amelala. Akafumbua jicho moja. "Nani kakudanganya? Wewe Ali umemwona wapi?"

Basi, nikajua kazi imeanza. Shemeji yangu, mdogo wake baba watoto, alikuwa amepita tu kuazima pasi. Akaiweka pasi chini, akavuta kiti, akachukua upande wa mtoto. Jua lilizama bado wanabishana, na pasi ikalala kwetu.

Mzazi mwenzangu unaweza kuuliza ngumi zinaingiaje kwenye ukurasa wa familia. Nitafika huko. Ubishi ule ulikuwa na hoja za kweli, na siku zilizofuata nilijikuta nasoma habari za mabondia usiku wakati wenzangu wamelala, kwa sababu ya jambo ambalo mtoto alilisema mwishoni.

Kwanza upande wa mtoto, maana haukuwa wa kubeza. Mayweather alizaliwa mwaka 1977 Grand Rapids, jimbo la Michigan, Marekani, katika ukoo wa ngumi. Baba yake alikuwa bondia aliyewahi kupanda ulingoni na Sugar Ray Leonard mwaka 1978, na baba yake mdogo Roger alikuwa bingwa wa dunia kabla ya kuwa kocha wake. Kwenye Olimpiki ya Atlanta mwaka 1996 alipata shaba. Nusu fainali alishindwa kwa pointi 10-9 na Serafim Todorov wa Bulgaria, uamuzi ambao Wamarekani waliulalamikia sana. Baada ya hapo aliingia kwenye ngumi za kulipwa, na kutoka Oktoba mwaka huo hadi alipomsimamisha Conor McGregor Agosti 2017, alipanda ulingoni mara 50 na kushuka mshindi mara 50. Mikanda ya dunia aliichukua katika uzito tano tofauti. Rocky Marciano, ambaye watu walidhani rekodi yake haitafikiwa, alistaafu mwaka 1956 akiwa na ushindi 49 bila kupoteza.

"Sifuri ni sifuri, kaka," shemeji akawa anamwambia mkubwa wake. "Ali alipoteza mara tano. Hesabu ni hesabu."

Halafu akasimama katikati ya sebule kuonyesha. Bega la kushoto juu, kidevu kimefichwa nyuma yake, mkono wa kushoto umelala tumboni, wa kulia karibu na shavu. Ngumi ikija inakutana na bega na kuteleza, na kabla mpinzani hajarudisha mkono wake amekwishachapwa. Mtoto akaiga. Hata mimi niliyekuwa nimesimama mlangoni na kitambaa cha vyombo nilikiri kimoyomoyo kwamba ni jambo zuri kutazama. Katika mchezo ambao kazi ni kupigana, mtu huyu aliigeuza kazi kuwa kutopigwa. Mei 2010 Shane Mosley alimpata kwa mkono wa kulia katika raundi ya pili, magoti yakalegea mpaka akamkumbatia Mosley ili asianguke. Raundi zilizobaki alizichukua karibu zote. Mtu akiweza kutikiswa hivyo, akatulia, akafikiri, akashinda, huyo si wa kumwita mjanja tu.

Baba watoto alisubiri waishe. Ana tabia hiyo, inaniudhi siku nyingine zote lakini siku ile ilimfaa. Akauliza swali moja: "Aliwapiga akina nani, na lini?"

Hapo ndipo sifuri inapoanza kuonekana vizuri zaidi. Diego Corrales alipigwa Januari 2001 akiwa hajawahi kupoteza, akaangushwa mara tano hadi kona yake ikasimamisha pambano. Huo ni ushindi ambao hauna doa. Lakini Oscar De La Hoya alikuja mwaka 2007 akiwa na miaka 34, na bado majaji waligawanyika. Mosley alikuwa na miaka 38. Canelo Alvarez alikuwa na miaka 23 tu mwaka 2013, tena akalazimika kushuka uzito chini ya ule wa kawaida wa mkanda wake. Manny Pacquiao, pambano ambalo dunia ililidai tangu mwishoni mwa 2009, lilifanyika Mei 2015, miaka miwili na nusu baada ya Pacquiao kulazwa kifudifudi na Juan Manuel Marquez kwa ngumi moja. McGregor naye hakuwa amewahi kupigana hata pambano moja la ngumi za kulipwa kabla ya usiku ule. Na Aprili 2002 José Luis Castillo alimbana kiasi kwamba hadi leo wapo wanaoamini sifuri ile ilipaswa kufutika siku hiyo.

"Castillo alimpa marudiano mwaka uleule," shemeji akamkatiza. "Desemba. Akampiga tena."

Ni kweli, na baba watoto alikubali. Lakini hoja yake ilibaki: mtu akichagua siku ya kupigana, nusu ya kazi ameshaimaliza. Mimi naona hilo ni kweli kwa sehemu tu. Kuchagua siku nako ni akili, hasa katika biashara ambayo mapromota wamewala mabondia wengi wakabaki hawana hata nauli. Mayweather alijisimamia mwenyewe, akauza mapambano yake mwenyewe, na lile la Pacquiao lilinunuliwa na kaya zaidi ya milioni nne za Marekani zilizolipia kulitazama kwenye televisheni. Ila ukitaka kuitwa bora kuliko wote waliowahi kuzaliwa, lazima ukubali kupimwa na wale ambao hawakuchagua.

Naye mwenyewe alilitaka hilo. Mwaka 2015, kabla ya pambano la Pacquiao, alisema wazi kwamba hakuna wa kumshawishi kuwa Sugar Ray Robinson na Muhammad Ali walikuwa bora kuliko yeye.

Kwa Ali, baba watoto hana utulivu. Anahadithia kama mtu aliyekuwepo, ilhali alikuwa hajazaliwa. Kinshasa, Oktoba 30, 1974, usiku wa manane unaokaribia alfajiri. Ali ana miaka 32. George Foreman ana mapambano 40, kashinda yote, 37 kwa kuwaangusha watu. Joe Frazier, aliyempiga Ali mwaka 1971, Foreman alimwangusha mara sita katika raundi mbili. Watu walihofia Ali angeumizwa vibaya. Akaegemea kamba, akaacha apigwe mikononi na mbavuni, akimsemesha mpaka Foreman akachoka. Raundi ya nane Foreman akawa chini. Uwanja mzima ulikuwa ukiimba kwa Kilingala kumwambia Ali ammalize, na ndugu zetu wa Kongo bado wanaukumbuka wimbo huo.

Ukimwambia alipoteza mara tano, atakwambia alipoteza kwa nani. Frazier, Ken Norton na Leon Spinks aliwarudia wote akawashinda. Wawili wa mwisho, Larry Holmes mwaka 1980 na Trevor Berbick mwaka 1981, walimkuta amekwisha. Na kati ya Machi 1967 na Oktoba 1970, umri wa miaka 25 hadi 28, wakati ambao bondia anakuwa kwenye kilele, hakupigana kabisa kwa sababu alikataa kwenda kupigana Vietnam, wakamvua ubingwa. Mahakama Kuu ya Marekani ilimpa haki yake mwaka 1971. Miaka ile haikurudi.

Kuna kisa kimoja cha kwetu. Mapema mwaka 1980 Rais Carter alimtuma Ali Afrika kuzishawishi nchi zisiende Olimpiki ya Moscow. Alianzia Dar es Salaam. Mwalimu Nyerere hakukubali kuonana naye. Kutumiwa bondia kuzungumza jambo zito la nchi hakulipokea kama heshima. Kenya ilikubali kususia. Tanzania ilikwenda Moscow, na Filbert Bayi na Suleiman Nyambui wakarudi na medali za fedha. Baba mkwe wangu mpaka leo hukasirika akikumbuka kwamba Ali alikuwa mjini na yeye alikuwa zamu kazini.

Mtoto alisikiliza yote hayo, kisha akasema: "Lakini baba, Ali si ndiye aliyekuwa anatetemeka?"

Sebule ikanyamaza. Alikuwa amemwona kwenye video akiwasha mwenge wa Atlanta mwaka 1996, mkono unatikisika. Olimpiki ileile ya Mayweather. Ali alitambuliwa kuwa na ugonjwa wa Parkinson mwaka 1984, akiwa na miaka 42, na aliishi nao hadi alipofariki Juni 2016. Madaktari hawajakubaliana kwa uhakika kiasi gani ngumi zilichangia. Lakini kwamba vichwa vya mabondia vinaharibika si habari mpya. Daktari Harrison Martland wa New Jersey aliandika kuhusu jambo hilo mwaka 1928. Ile mbinu ya Kinshasa ya kuegemea kamba, ambayo baba watoto anaisifu kama ushairi, ilikuwa pia ni mbinu ya mtu kukubali kupigwa.

Hapo nilijikuta upande wa shemeji. Kwa macho ya mama, hoja kubwa kabisa ya Mayweather si sifuri iliyo kwenye rekodi. Ni kwamba alipigana zaidi ya miaka 20 akatoka anatembea vizuri na kuhesabu fedha zake mwenyewe.

Kuhusu Robinson nitasema kidogo, ingawa kwangu ndiye anayefunga mjadala. Alipigana karibu mara 200. Kijana wa leo akiona amepoteza mara 19 anampita harakaharaka. Lakini fikiria Februari 1943: Robinson ana ushindi 40 bila kupoteza, Jake LaMotta, aliyemzidi uzito, anamwangusha nje ya kamba na kumpiga kwa pointi. Wiki tatu baadaye, mwezi uleule, alirudi ulingoni na LaMotta huyohuyo akamshinda. Walikutana mara sita kwa jumla, Robinson akashinda tano. Baada ya kipigo kile hakupoteza tena mpaka Julai 1951 London, kwa Randy Turpin, zaidi ya mapambano 90 baadaye. Turpin naye akamrudia baada ya siku 64, akamsimamisha. Mtu wa namna hiyo hana haja ya sifuri. Kama ningeulizwa kupanga viti, Robinson angekaa cha kwanza, Ali pembeni yake kwa sababu ya watu aliowapiga na alivyowapiga, na Mayweather ningemweka meza ileile, viti kadhaa pembeni. Mlinzi bora kuliko wote? Sibishi. Bora kuliko wote? Hapana.

Nilipomweleza mtoto habari za LaMotta na zile wiki tatu alinitazama kwa shaka, kwa sababu alijua nilikuwa nalenga wapi. Muhula uliopita aliacha chemsha bongo ya shuleni baada ya timu yao kutolewa raundi ya kwanza. Sikuongeza neno.

Sasa, lile jambo alilolisema mwishoni. Shemeji amekwishaondoka, baba yake anafunga geti, mtoto akaja jikoni. "Mama, nataka kwenda mazoezi ya ngumi."

Sikumjibu. Usiku ule nilimfikiria Robert Wangila. Wengi mnaosoma mkiwa Kenya mnamjua: Seoul 1988, dhahabu ya uzito wa welter, alimwangusha Mfaransa Laurent Boudouani katika raundi ya pili ya fainali. Ndiye Mkenya pekee aliyewahi kuchukua dhahabu ya ngumi kwenye Olimpiki. Julai 1994 alipigana Las Vegas na David Gonzales, pambano likasimamishwa raundi ya tisa. Baadaye alipoteza fahamu na baada ya siku mbili akafariki. Alikuwa na miaka 26. Las Vegas hiyohiyo ndiyo iliyomfanya Mayweather tajiri, na mtoto wangu anaijua kwa taa zake tu.

Kulikuwa na jambo la pili, nalo lilinisumbua zaidi. Nilikuwa najua habari ya Mayweather ambayo mtoto hakuijua.

Juni 2012 aliingia jela ya Las Vegas akakaa takribani miezi miwili. Kosa: mwaka 2010 alimpiga mama wa watoto wake watatu nyumbani kwa mama huyo, watoto wakiwepo. Mwanawe mmoja, umri karibu na wa wangu, alikimbia nje kwenda kuomba msaada. Mayweather alikiri kosa la kupiga. Hakimu alimsogezea tarehe ya kuingia jela ili kwanza apigane na Miguel Cotto mwezi Mei. Na haikuwa mara yake ya kwanza kufikishwa mahakamani kwa kupiga wanawake.

Je, nimwambie? Baba watoto alisema hapana, mwache mtoto afurahie mchezo, ya ulingoni yabaki ulingoni. Nikamuuliza kwa nini basi yeye akimsifu Ali haishii ulingoni, anakwenda mpaka Vietnam? Akacheka kidogo, akanyamaza. Tukisema ukubwa wa Ali uko pia nje ya kamba, mlango huo hatuwezi kuufunga kwa Mayweather. Na kwa haki hauwezi kufungwa kwa Ali pia. Ali alioa mara nne na hakuwa mwaminifu katika ndoa, na maneno aliyomtupia Frazier, akimfananisha na sokwe mbele ya dunia nzima, Frazier alikaa nayo moyoni miaka mingi. Baba watoto hapendi nikilisema hilo. Nimelisema hata hivyo.

Tulimwambia Jumatano, wote wawili, baada ya chakula. Hatukumwambia kwa kirefu wala kumfuta bondia wake. Tulimwambia kwamba alichokiona kwenye simu ni cha kweli, yule mtu ni fundi, na pia kwamba nyumbani alifanya hivi, watoto wake wakaona, na mahakama ikamfunga.

Alikaa kimya muda mrefu kuliko nilivyozoea. Akauliza: "Yule mtoto aliyekimbia nje, bado alikuwa anampenda baba yake?"

Baba yake ndiye aliyejibu. Alisema anadhani ndiyo, na kwamba hilo ndilo linalouma.

Kuhusu mazoezi, tuliamua hivi, na wengine mtaona tumelegea. Mwaka 2011 vyama vya madaktari wa watoto vya Marekani na Kanada vilitoa tamko la pamoja la kupinga ngumi kwa watoto na vijana, kwa sababu ni mchezo ambao kichwa ndicho kinacholengwa. Kofia ya kinga husaidia mtu asichanike, lakini haizuii ubongo kutikisika ndani ya fuvu. Hilo sikuweza kulipita. Lakini pia nilijua nikikataa tu, atakwenda kujifunza nyuma ya nyumba ya rafiki yake, bila glovu na bila mtu mzima.

Baba yake alimpeleka kwa kocha mmoja mtaani kwetu, mtu mzima mwenye pua iliyopinda, akakaa akatazama mazoezi mara mbili kabla ya kulipa. Masharti yetu yalikuwa machache: kamba ya kuruka, kazi ya miguu, begi, na kupiga kwenye viganja vya kocha. Hakuna kupigana na mwenzake, na hakuna ngumi ya kichwa, ya kupiga wala ya kupigwa. Kocha alituambia wazazi wengi humwambia kinyume chake, wanataka mtoto apigane wiki ya kwanza kwa sababu wamesikia Hassan Mwakinyo wa Tanga alivyomsimamisha Sam Eggington kule Birmingham mwaka 2018, wanahesabu fedha. Akakubali masharti yetu bila kunung'unika. Kwa nini nilimwamini kwa hilo? Ile pua, nadhani.

Wiki ya tatu sasa. Jioni naona kijana anaruka kamba uani, bega la kushoto limepanda juu bila yeye kujua. Kuna siku nilimsikia akibishana na mwenzake ukutani kwa jirani. Mwenzake alikuwa anasema hamsini kwa sifuri, imeisha. Kijana wangu akamuuliza: "Aliwapiga akina nani, na lini?"

Jana usiku alimwomba baba yake simu tena. Nikanyoosha shingo kuona anatafuta nini. Video ilikuwa ya rangi nyeupe na nyeusi, imefifia, watu wamevaa kofia. Robinson na LaMotta, pambano la mwisho, 1951. Baba yake akasogea kwenye kochi kumpa nafasi.

Pasi ya shemeji bado iko kwetu. Anasema atakuja Jumapili.